Aliyetoka Majini Mkavu

Mwaka 1942 mwanafalsafa wa Ufaransa, Gaston Bachelard, alitoa kitabu kizima juu ya maji na ndoto. Alishikilia kwamba taswira zenye nguvu huanzia kwenye kitu chenyewe: uzito wake, ubaridi wake, jinsi kinavyoupokea mkono. Naikubali hoja hiyo, na kwangu ushahidi wake mchungu kuliko wote uko Ngarambe, kusini mwa Tanzania ya leo.

Wazee wa huko walisimulia kwamba Kinjikitile Ngwale alipandwa na pepo Hongo, akatambaa kwa tumbo, mikono mbele, hadi akazama kilindini. Jamaa zake wakakesha ukingoni. Waliojua kuogelea walipiga mbizi, wasione kitu. Kesho yake asubuhi akaibuka mzima, nguo kavu, akaanza kutabiri.

Zitazame zile nguo. Kilindi hubeba yote tusiyoyaona ndani mwetu, na anayezama humo hutarajiwa afe, au arudi akiwa mtu mwingine. Nguo kavu zilitangaza jambo kubwa zaidi: huyu amepatana na maji.

Baada ya hapo aligawa dawa ya kinga: maji yaliyochanganywa na mbarika na mtama. Watu hawakuona ajabu. Rufiji kwa pepo Bokero na Uluguru kwa pepo Kolelo walikuwa wakienda siku zote kuomba mvua na mavuno. Sasa Mjerumani alikuwa akiwalimisha pamba kwa viboko, na maji ya kuokoa shamba yakatakiwa yaokoe na mwili. Risasi, waliambiwa, zitageuka maji. Yapige maji: yanapasuka, yanajifunga, hayabaki na kovu. Aliyechanwa mgongo kwa kiboko hakuhitaji kufafanuliwa utamu wa ahadi hiyo.

Kinjikitile alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905, vita dhidi yao vikiwa vimeshaanza. Maji hayakusimama. Tarehe 30 mwezi huo huo wapiganaji walilikabili boma la Mahenge, wakafyekwa na bunduki za rashasha. Wangoni wa Songea nao wakaingia vitani. Wanaoona hapa ujinga tu wanaisoma ahadi ya risasi peke yake. Watu waliokuwa na machifu mbalimbali na lugha mbalimbali walikunywa maji yale yale, wakanyunyiziwa yale yale, na maji yaliyokwisha kuchanganyika hayatenganishwi kwa mkono. Ahadi ya kwanza, ya risasi, ilivunjika mbele ya bunduki. Ya pili, ya umoja, iliwaweka vitani hadi 1907, wakati Wajerumani walipokuwa wakichoma maghala na njaa ikiua wengi kuliko risasi.