Guangzhou Usiku: Jiji la Biashara na Dansi za Uwanjani

Jiji la Guangzhou, ambalo wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh hulijua zaidi kwa maghala yake kuliko kwa mitaa yake, liko kusini mwa Uchina kwenye delta ya Mto Zhujiang, yaani Mto wa Lulu, na ndilo makao makuu ya jimbo la Guangdong. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 7,400. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi milioni 18.7, ilhali ile ya 2010 ilikuwa imehesabu milioni 12.7. Maonyesho makubwa ya biashara hufanyika humo tangu 1957. Mwaka 1984 lilitajwa miongoni mwa miji 14 ya pwani iliyofunguliwa kwa mitaji ya kigeni. Treni ya chini ya ardhi ilianza kazi 1997. Takwimu za bandari na viwanda ni nyingi, na anayezihitaji atazipata kwingine.

Mtaa wa Zhujiang New Town, uliojengwa juu ya mashamba ya wanavijiji, sasa ni msitu wa minara ya ghorofa inayowaka taa za rangi kila jioni, na ng'ambo ya mto umesimama Mnara wa Canton wenye urefu wa mita 600, uliofunguliwa mwaka wa Michezo ya Asia, 2010. Kando ya mto, kwenye eneo la kiwanda cha bia, zimepangana baa ambako vijana hufika usiku ukiwa umekomaa, kwa sababu wengi wao hutoka kazini saa tatu usiku. Wapo wanaokodi chumba cha kuimbia nyimbo za karaoke, wapo wanaotosheka na bilauri ya chai ya maziwa, na wapo wanaokula mlo wa usiku wa manane, ambao kwa watu wa Guangzhou ni mlo kamili wenye uji wa mchele na chaza waliochomwa kwa vitunguu saumu. Haya yote yanapendeza, lakini yanapatikana pia Bangkok na Dubai.

Jambo lisilosahaulika ni wanawake wazee. Chakula cha jioni kikishaliwa, kwenye kila kipande cha sakafu tambarare, iwe ni bustani, ukumbi wa mbele wa duka kubwa au kivuli cha barabara ya juu, hufika mwanamke mmoja akikokota spika yenye magurudumu, na muda si mrefu nyuma yake wamejipanga wenzake thelathini au hamsini, wengi wao wastaafu, wakicheza kwa hatua moja. Hii ndiyo dansi ya uwanjani, ambayo wachezaji wake nchini kote mara nyingi hukadiriwa kuwa milioni 100. Kiongozi husimama mbele akiwapa wenzake mgongo ili wamuige. Mgeni hujiunga mstari wa nyuma, wala haulizwi jina. Mchango wa spika ni mdogo.

Kizazi hiki kilikulia katika miaka ya Mapinduzi ya Utamaduni, 1966 hadi 1976, wakati kucheza na kuimba kwa pamoja kulikuwa wajibu wa kisiasa, kisha kikafanya kazi katika mashirika ya umma yaliyompa mfanyakazi mshahara, nyumba na majirani kwa mkupuo. Mashirika mengi yalipovunjwa au kupunguza watu mwishoni mwa miaka ya 1990, majirani nao walitawanyika, kila mmoja akaishia nyuma ya mlango wa chuma katika ghorofa asimomjua mtu. Wengine wamefuata watoto wao kutoka mikoa ya mbali ili kulea wajukuu, na Kikantoni, lugha ya wenyeji, hawakijui. Lakini kufuata hatua hakuhitaji lugha.

Kwa kuwa maelezo ya nchi hayakamiliki bila dini na hali ya hewa, itajwe kwamba jiji lina msikiti wa kale wa Huaisheng, na kwamba kiangazi chake ni cha joto zito lenye unyevu, hivyo watu hutafuta upepo nje usiku, jambo linalorudisha mazungumzo uwanjani.

Joto la Dar es Salaam au Mombasa si dogo, na wanawake wa pwani hawahitaji kufundishwa kucheza. Lakini kwao dansi inadai mwaliko, sare na mchango, na bibi wa miaka 60 atakayecheza hadharani Jumanne jioni pasipo harusi ataulizwa na wanawe kama yu mzima. Viwanja vya wazi navyo viko zaidi katika ramani kuliko ardhini. Nairobi isingekuwa na Uhuru Park kama Wangari Maathai asingepinga, mwaka 1989, jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa humo. Miji mingine haikupata mtetezi wa namna hiyo, ikapata maegesho ya magari.

Si kwamba Uchina yote inashangilia. Mwaka 2013 wakazi waliochoshwa na kelele mjini Wuhan waliwamwagia wachezaji kinyesi kutoka ghorofani, na mwaka uliofuata wakazi wa Wenzhou walichanga yuan 260,000 kununua vipaza sauti vya kuwajibu. Serikali ilitoa mitindo 12 ya mfano mwaka 2015, na sheria ya kelele iliyoanza Juni 2022 inawataka wachezaji wazingatie mahali, muda na sauti. Spika ziliendelea kukokotwa. Pigo kubwa zaidi huenda likatoka kwingine: tangu Januari 2025 umri wa kustaafu unapandishwa kidogo kidogo katika kipindi cha miaka 15, ili wanawake wa viwandani waliokuwa wakistaafu na miaka 50 wafikie 55, na hao wa miaka 50 ndio wenye magoti ya kuongoza mstari wa mbele.