Spika, Kitambaa na Sikio la Mwanafunzi

Kiswahili kina jozi za maneno ambazo hutenganishwa na sauti moja tu. Sindano si shindano, na samani si thamani. Mwalimu akiyasoma maneno hayo mbele ya darasa, mwanafunzi huitazama midomo yake akapata msaada. Imla hiyo hiyo ikitoka katika spika, hana msaada mwingine ila sikio lake. Ndipo ninaposema kwamba kitambaa kinachofunika uso wa spika kinamhusu mwalimu wa lugha sawasawa na chaki na ubao.

Yamkini msomaji atauliza: mwanaisimu ana nini na vitambaa? Jibu limo katika fonetiki. Irabu zina nguvu nyingi katika masafa ya chini, aghalabu chini ya hezi 3,000. Kikwamizo /s/ huishi juu: sehemu kubwa ya nguvu zake hupita hezi 4,000, ilhali /sh/ huanzia chini ya hapo. Wimbi la sauti ya hezi 100 lina urefu wa mita 3 na zaidi. La hezi 8,000 lina sentimita 4 na ushei. Kitambaa kizito hulipisha lile refu na kulinyonya lile fupi. Kwa hivyo mngurumo wa besi hubaki vile vile, wasikilizaji wakadhani spika ni nzima, kumbe vikwamizo vimekwisha kufifia.

Nimeona shuleni na majumbani spika zilizovishwa upya kwa kitenge, kwa kanga iliyokunjwa mara mbili, hata kwa kitambaa cha makochi. Zapendeza machoni! Lakini uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Siwalaumu waliofanya hivyo. Vitambaa huchanwa na watoto, hutafunwa na panya na huoza kwa unyevu. Na zile spika za miaka ya 1970 zilizofunikwa kwa sponji, sponji hiyo huzeeka ikamomonyoka kama makombo ya mkate. Haja ya kubadilisha ipo. Kinachokosekana ni kipimo.

Kipimo chenyewe hakihitaji maabara. Kiweke kitambaa mdomoni upulize. Pumzi ikipita bila kizuizi, sauti itapita. Ukilazimika kusukuma, kirudishe dukani. Kisha kiinue kwenye mwanga: matundu madogo yaonekane kote. Kitambaa chepesi cha poliesta, chenye mfumo wa wazi na kinachonyumbuka kidogo, ndicho kinachofaa. Pamba nzito haifai, na kitambaa kilichotiwa nta hakifai kabisa. Wala usikipake rangi kitambaa cha zamani ili kionekane kipya, kwani rangi huziba matundu.

Kazi yenyewe nimeifanya nyumbani kwangu, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kuifanya. Zima umeme. Ing'oe fremu ya mbele polepole, kona moja baada ya nyingine, maana vishikizo vyake huvunjika upesi. Kama fremu haing'oki, mwachie fundi. Bandua kitambaa kikuukuu, kwangua gundi ya zamani, na uisafishe fremu. Piga kitambaa kipya pasi ya moto mdogo, ukilaze kifudifudi mezani, uweke fremu juu yake, kisha ukate ukiacha sentimita 4 kila upande. Anza kugundisha katikati ya upande mmoja, halafu katikati ya upande unaoukabili, ndipo uelekee kwenye kona. Ukianzia kona, nyuzi zitakwenda upande. Kivute kiwambike kama ngozi ya ngoma, ila usikivute hadi fremu ipinde. Punguza mikunjo ya kona ili fremu irudi mahali pake, na uache gundi ikauke kabisa. Wakati huo wote usiiguse karatasi ya spika kwa kidole, na uviweke mbali vipini vya chuma, kwa sababu sumaku iliyo nyuma itavivuta vikaitoboe.

Katika kufanya haya mwanafunzi atajifunza msamiati pia. Vitabuni tuna kipaza sauti, neno ambalo wengine hulitumia kwa chombo cha kusemea na wengine kwa chombo cha kutolea sauti. Mafundi wameutatua utata huo zamani: wao husema spika. Bunge nalo lina Spika wake, na sijasikia fundi akitafuta nyaya zake. Walimu tusiogope kuyapokea maneno ya karakana.

Kuna watakaosema kwamba makosa ya imla yanatokana na lugha ya mama. Ni kweli athari hiyo ipo. Kijaluo, kwa mfano, hakina /sh/. Kitambaa peke yake nacho hakimfanyi mtu kiziwi. Lakini kijumlishe na darasa la wanafunzi hamsini, paa la mabati na mvua ya Aprili, na yule aliyeketi nyuma atakuwa anabahatisha. Tutamtoza alama kwa kosa ambalo si lake. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, watoto wengi walisoma kwa redio pekee; kwao spika ndiyo ilikuwa mwalimu.

Basi natoa rai kwa mwalimu wa Kiswahili na mwenzake wa sayansi. Teueni jozi kumi za maneno, mzirekodi, muwasikilizishe wanafunzi spika ikiwa imevaa kitambaa chake. Siku ya pili kiondoeni, mbadilishe mpangilio wa maneno, mrudie. Hesabuni makosa ya siku zote mbili. Yakiwa sawa, kiacheni kitambaa mahali pake. Yakipungua, mtajua ni nani aliyestahili kusahihishwa kwa wino mwekundu.