Malaika zinaposimama

Litungu likianza kuunguruma sherehe inapofana huko Nyansurura, mkoani Mara, wapo wanaoshindwa kutulia vitini. Ni nyuzi nane tu juu ya mzinga wa mti uliowambwa ngozi, lakini sauti yake nzito huingia hadi kifuani. Tazama mkono wa mzee aliyeketi karibu na mpigaji: malaika zimesimama wima. "Mwili umenisisimka," atasema, na jirani yake atadai mizimu imepita.

Mizimu haihusiki. Shinani mwa kila unyweleo pana kimsuli kidogo kisichongoja amri yetu. Baridi, hofu au furaha ya ghafla ikiingia, mishipa ya fahamu hukikaza, unyweleo ukasimama na ngozi ikawa kama ya kuku aliyenyonyolewa. Paka akikabiliwa na mbwa hutunisha manyoya aonekane mkubwa. Sisi manyoya yametupungua, kimsuli kimebaki.

Na muziki? Mwaka 2001, Anne Blood na Robert Zatorre wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walipima ubongo wa watu waliokuwa wakisikiliza muziki waupendao. Kila waliposisimka, ziliamka sehemu zilezile zinazoamshwa na chakula kitamu. Mwaka 2011, Valorie Salimpoor na wenzake walionyesha kuwa kemikali ya raha, dopamini, huanza kumwagika hata kabla kipande kinachosubiriwa hakijafika. Huenda ndiyo maana anayelijua litungu tangu utotoni husisimka kuliko mgeni: anajua kinachokuja.

Msisimko huo tusiuchanganye na ganzi. Ukikalia mguu muda mrefu, mshipa wa fahamu hubanwa. Ukiinuka unahisi kuchomwachomwa sindano, kisha dakika chache yanaisha. Hilo halina neno.

Lenye neno ni nyayo zinazochoma au kufa ganzi kila usiku bila sababu ya wazi. Huenda ni kisukari, upungufu wa vitamini B12 au madhara ya pombe. Anayetumia isoniazidi kutibu kifua kikuu huweza kupata hali hiyo, na vitamini B6 humkinga. Baka lililopauka lisilohisi mguso laweza kuwa ukoma, ambao hutibika.

Kwa hiyo, malaika zikisimama kwa litungu, cheza. Miguu ikichoma wiki hadi wiki, usikimbilie kuchanjwa chale. Nenda zahanati ukapimwe.