Asili ya Neno Basi

Abiria asimamaye alfajiri katika steji ya 46 huko Kawangware, Nairobi, akingoja kupelekwa mjini, hana habari kwamba jina la basi alingojalo ni kipande cha Kilatini, tena kipande kisichojitosheleza. Omnis, katika lugha ya Warumi wa kale, maana yake ni "-ote". Na neno hilo, likitiwa kiambishi cha kumwonyesha atendewaye katika wingi, hugeuka omnibus, yaani "kwa ajili ya wote".

Mwaka 1826, katika mji wa Nantes nchini Ufaransa, Stanislas Baudry alianzisha magari ya farasi yenye njia maalumu, ambayo kila mwenye nauli aliruhusiwa kuyapanda, nayo yakaitwa omnibus. Na tarehe 4 Julai 1829 George Shillibeer akaanza kuendesha ya namna hiyo London. Waingereza, ambao hawana subira na majina marefu, wakalikata neno kichwa wakabakiza mkia, bus. Ajabu yake hunichekesha kila niikumbukapo: kilichotupwa ni "wote", kilichosalia ni kiambishi kitupu, mithili ya mtu aliyepewa "kwa ajili ya wote" akaondoka na "kwa" peke yake. Sisi nasi, kwa kuwa Kiswahili hakipendi neno liishie konsonanti, tukakiongezea irabu, tukakipa wingi wa mabasi, kikakaa jirani na "basi" ile kongwe ya Kiajemi, yenye maana ya "imetosha", pasina udugu wowote baina yao. Na kwetu Nairobi, kampuni ya mabasi ya Kenya Bus Service ilianza mwaka 1934.

Jina la mshindani wa basi halikutoka Roma. Matatu, gari dogo la abiria, lilipata jina kutokana na nauli, mapeni matatu ya senti kumi kumi. Na baada ya Rais Jomo Kenyatta kuyaruhusu mwaka 1973 kuchukua abiria bila leseni ya uchukuzi, yakaenea mji mzima. Kwa hiyo jina moja lilikusudiwa kuwataja wasafiri, la pili hutaja bei; na jioni ya mvua, makanga anapoipandisha ghafula nauli ya Kawangware, naliona hili la pili kuwa ndilo lenye insafu, huku wale ambao mifuko yao haikutimiza nyongeza wakikunja suruali na kushika njia ya Hurlingham kwa miguu.