Jembe la Siku ya Tatu: Kweli na Si Kweli kuhusu Kusaidiana

Mwaka wangu wa kwanza chuoni nililala kwenye kitanda cha mtu mwingine kwa wiki tisa. Nilishuka stendi ya Mbezi, Dar es Salaam, nikitokea Newala na begi moja, ndoo yenye mfuniko, na korosho alizonifungia mama. Jina langu halikuwamo kwenye orodha ya waliopata vyumba na mkopo ulikuwa haujatoka. Dada mmoja wa mwaka wa tatu akanibeba. Kwa asiyeijua lugha ya hosteli, kubebana ni mwenye kitanda kumlaza asiye na kitanda. Tulilala mzungu wa nne, miguu yake kando ya uso wangu na yangu kando ya wake, juu ya godoro lililotengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja.

Tangu hapo nimekuwa nikiyasikiliza kwa makini yanayosemwa kuhusu jamii: nani ni wetu, nani mgeni, nani amsaidie nani. Nimechukua machache ambayo mimi mwenyewe niliwahi kuyaamini, niyapime moja moja.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" ni namna ya adabu ya kumfukuza mgeni

Si kweli, na kosa hili ndilo lililonigharimu zaidi.

Nilikua nikiisikia methali hii kama onyo. Umekula vya watu siku mbili, sasa jiangalie. Kwa hiyo nilipobebwa nilijifanya sipo. Niliamka kabla ya mwenyeji wangu, nikakunja shuka langu, nikatoka nisionekane. Chai nilisema nimeshakunywa. Nilidhani kwamba nikichukua nafasi ndogo, nitavumiliwa muda mrefu.

Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo katika kijitabu chake cha Ujamaa cha mwaka 1962, na maelezo yake ni kinyume cha niliyoyajua. Alisema kwamba kwa kawaida mgeni hakungoja kupewa. Aliliomba jembe mwenyewe kabla mwenyeji hajanyoosha mkono, kwa kuwa aliona haya kukaa bure wakati wenzake wako shambani. Nimeifikiria sana picha hiyo. Siku mbili za kwanza mgeni anakaa kwenye mkeka, anakula kilicho bora, na kila mtu anajua kuwa yeye si wa pale. Siku ya tatu anaingia kwenye mstari pamoja na wengine, na anayepita barabarani hawezi tena kumtofautisha. Anayepewa jembe anaingizwa ndani.

Wiki ya nne, usiku, mwenyeji wangu alinirushia daftari. "Mdogo wangu, wewe si unasoma hesabu? Somo hili la takwimu nalirudia. Nifundishe." Tulikaa chini sakafuni mpaka umeme ukakatika, tukaendelea kwa tochi ya simu. Asubuhi yake nilikunywa chai chumbani kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyenikaribisha upya. Ila nilikuwa nimepewa jembe, na chai ya mtu aliyelima haina haya.

Nafahamu kwamba wapo wanaoitumia methali hii kwa ubaya, kumnyanyasa ndugu aliyekwama. Hao wameshika nusu ya pili na kuitupa ya kwanza. Siku mbili za kula bila kuulizwa nazo ni sheria.

Anayejiona mgeni chuoni ni yeye peke yake, wengine wameshazoea

Si kweli, na hapa upo ushahidi uliopimwa.

Watafiti wawili wa saikolojia wa Marekani, Gregory Walton na Geoffrey Cohen, walitoa matokeo yao mwaka 2011. Walichukua wanafunzi wa mwaka wa kwanza, weusi na weupe, katika chuo ambacho weusi ni wachache. Kundi moja lilisoma maelezo ya waliotangulia, waliosema kwamba nao mwanzoni walihisi hawafai kuwa pale, na kwamba hisia hiyo ilipungua kadiri muda ulivyokwenda. Kisha kila mmoja aliandika kwa maneno yake jinsi jambo hilo linavyofanana na hali yake, akalisema mbele ya kamera ili lije liwafae watakaofuata. Kazi yote ilichukua kama saa moja. Katika miaka mitatu iliyofuata, alama za wanafunzi weusi waliopitia zoezi hilo zilipanda, na pengo kati yao na weupe likapungua kwa nusu.

Jambo moja katika utafiti huo sikuliona niliposoma mara ya kwanza. Wanafunzi wale hawakuambiwa kwamba wanasaidiwa. Walielezwa kwamba maneno yao yatawasaidia wadogo zao watakaokuja. Walipewa jembe.

Kwetu tofauti ni nyingine: aliyetoka shule ya kulipia na aliyetoka shule ya kata, mwenye kompyuta na anayeandika kazi zake kwa simu, anayeongea Kiingereza bila kusita na anayekitafsiri kichwani kwanza. Nilipokuja kumuuliza mwenyeji wangu, aliniambia kwamba mwaka wake wa kwanza alikaa safu ya nyuma muhula mzima bila kunyoosha kidole. Wiki zote zile tulizolala kitanda kimoja, kila mmoja alidhani mwenzake ndiye mwenyeji wa kweli.

Mjini kila mtu na lwake

Si kweli. Mwaka 1964 msichana aitwaye Kitty Genovese aliuawa New York, na gazeti moja kubwa likaandika kwamba majirani 38 walitazama bila kufanya lolote. Habari hiyo ilifundishwa madarasani kwa nusu karne. Baadaye gazeti lenyewe lilikiri kwamba idadi ile ilitiwa chumvi. Wengi walisikia kelele tu, na wapo walioita polisi. Kisha wakaja watafiti waliotazama picha za kamera za mitaani, wakakagua ugomvi 219 katika miji ya Amsterdam, Lancaster na Cape Town. Katika visa tisa kati ya kila kumi, mpita njia angalau mmoja aliingilia kati. Na watu walipokuwa wengi zaidi, uwezekano wa mtu kusaidiwa uliongezeka.

Anayepanda daladala hahitaji kamera. Simama na mzigo saa kumi na mbili jioni uone: aliyekaa, asiyekujua jina, atalivuta begi lako na kulipakata hadi kituo chako. Mtoto naye hupakatwa. Hakuna anayeshukuru sana, kwa kuwa kesho aliyekaa ndiye atakayesimama.

Wanafunzi wa zamani walikuwa na moyo wa kujitolea. Wa leo ni wabinafsi

Si kweli, ingawa wazee wetu hulisema hili kwa mapenzi.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam na wa vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu. Serikali ilitaka wahitimu wote watumikie Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa miaka miwili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo walipwe asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi walikataa. Walisema kwamba viongozi wanaowataka wajinyime wanalipwa mishahara minono. Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao karibu 400. Wengi wao waliruhusiwa kurudi mwaka uliofuata.

Hadithi hii ikisimuliwa, kwa kawaida huishia hapo: vijana wenye kiburi, baba mkali. Lakini siku ileile Nyerere alikubali kwamba juu ya mishahara wanafunzi walikuwa na hoja, akaukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi mitatu na ushee baadaye likatoka Azimio la Arusha, lenye masharti yake kwa viongozi. Mimi nawaona wale vijana kama watu waliopewa jembe na mtu waliyedhani amekaa kivulini. Hawakuwa wabaya kuliko sisi, wala wazuri kuliko sisi. Waliuliza swali ambalo kila anayeombwa kujitolea ana haki ya kuliuliza: wewe uko mstari gani?

Na palipokuwa na jibu, watu walijitokeza. Mwaka 1967 karibu watu wazima wawili kati ya kila watatu nchini hawakujua kusoma. Ilipofika 1977 waliobaki walikuwa kama robo na ushee. Kazi hiyo haikufanywa na walimu wenye vyeti peke yao. Bibi yangu alijifunza herufi kwenye kisomo cha jioni, chini ya mwembe, na mpaka leo yupo mzee mmoja kijijini ambaye bibi humwita "mwalimu wangu". Enzi hizo mzee huyo alikuwa mtoto wa darasa la sita.

Na wa leo? Mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria yalisitishwa mwaka 1994, yakarejeshwa 2013. Wenzangu waliopitia huko wanatofautiana kuhusu mengi, lakini wote wanawakumbuka kwa majina waliolala nao bweni moja.

Kikoba ni mila ya mababu

Upatu, ndiyo, ni wa zamani. Kikoba, hapana. Mfumo wa hisa, mikopo na mfuko wa jamii, pamoja na sanduku la kufuli tatu ambazo funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti, unatokana na vikundi vya wanawake wa Maradi, nchini Niger, vilivyoanzishwa na shirika la CARE mwaka 1991. Ulisambaa mpaka ukafika kwetu, ukapewa jina letu.

Nalitaja hili kwa sababu moja tu. Tunapenda kusema kwamba umoja tumezaliwa nao, uko damuni. Wanawake wa mtaani kwetu waliokaa kwenye viti vya plastiki Jumapili mchana, wakihesabu hisa kwa sauti ili kila mmoja asikie, hawategemei damu. Wanategemea kufuli tatu, na wanapendana zaidi kwa sababu hiyo.

Wema hauandikwi kwenye daftari

Juu ya hili nimebadili mawazo mara mbili.

Mwaka wa pili mwenzetu alifiwa na baba. Kiongozi wa darasa akafungua daftari la rambirambi, akapita viti kwa viti: jina, kiasi, jina, kiasi. Bumu, yaani pesa ya mkopo, lilikuwa halijaingia, na mimi nilikuwa na nauli tu. Daftari lilipofika kwangu nilisema nitatoa kesho. Usiku ule nililichukia kabisa. Niliona wema ukiandikwa unageuka biashara.

Kisha nikakumbuka nyumbani. Msiba wowote Newala huwa na daftari, na husomwa hadharani, na familia hulitunza miaka. Akifiwa aliyekutolea, unafungua ukurasa na kuangalia. Mfaransa Marcel Mauss aliandika mwaka 1925 kwamba zawadi huleta wajibu wa kurudisha, na wajibu huo ndio unaowafunga watu pamoja. Bibi hajamsoma, lakini anaujua. Kwake yeye mtu asiyedaiwa na yeyote ni mtu wa kusikitikiwa, maana siku ya msiba wake nani atakuja? Kwa hiyo nikakubali: daftari ni sawa.

Lakini lipo jambo ambalo daftari la darasani halina na msiba wa Newala unalo. Nyumbani asiye na shilingi huja na kuni. Huteka maji, huosha masufuria, hulala matanga, na wafiwa wanakumbuka nani alilala. Hajiepushi na msiba kwa aibu, kwa sababu jembe lake lipo. Daftari letu la darasani lilikuwa na safu moja tu, ya pesa. Aliyekosa pesa alikosa na jina.

Tulilibadilisha. Halikuwa jambo kubwa; nilimwomba kiongozi wa darasa, akachora mstari mwingine kwa rula. Siku hizi ukurasa una kiasi kwa baadhi ya majina, na kwa mengine una maneno. "Kumsindikiza stendi." "Kumtunzia vitu." Mbele ya jina la kijana mmoja ambaye sijawahi kumwona akinunua soda imeandikwa "notsi, wiki mbili". Alizinakili kwa mkono, masomo matano, na aliyerudi kutoka kuzika alizikuta zimepangwa juu ya kitanda chake.

Kwa hiyo si kweli, lakini inategemea daftari lina safu ngapi.

Mwaka huu nimepata kitanda. Wiki ya kwanza ya masomo nilimkuta binti wa mwaka wa kwanza amekaa juu ya begi lake kwenye ngazi za hosteli, na giza limeingia. Nikambeba. Siku ya kwanza alikula wali na maharage bila kuinua macho. Siku ya pili alikunja shuka lake kabla sijaamka, akatoka. Nilitaka kumwambia kitu, nikakosa pa kuanzia.

Siku ya tatu, alfajiri, nilisikia mlango. Alikuwa amesimama pale na kandambili zangu miguuni.

"Dada, zamu ya kudeki leo ni ya nani?"

Ilikuwa yangu. Nikampa ndoo, nikamwelekeza bomba lilipo.