Ajira Mombasa: Kutoka Bandarini hadi Mama Ngina

Kila jioni katika bustani ya Mama Ngina, iliyofunguliwa upya Oktoba 2019, wauzaji wa madafu, mihogo na viazi karai hutafuta riziki huku meli za makontena zikipita kuelekea Kilindini.

Zamani kushusha meli moja kulihitaji makuli wengi. Siku hizi kreni hushusha makontena, na tangu 2018 reli ya SGR husafirisha mizigo hadi Nairobi. Madereva wa malori, utingo na wenye vibanda vya barabarani wamepungukiwa na kazi, na wengi wamegeukia biashara ndogondogo, tuktuk na bodaboda.

Nchini Kenya, ukiacha kilimo kidogo na ufugaji, zaidi ya wafanyakazi 8 kati ya 10 wako katika sekta isiyo rasmi. Wengi wao hawana mwajiri wa kuwakatia michango. Akiugua mtu, mapato husimama.

Wakazi waliojiajiri wanashauriwa kujisajili wenyewe kwa NSSF na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Mafundi waliojifunzia kazini bila cheti wanaweza kufanya mtihani wa NITA, kuanzia gredi ya 3, ili ujuzi wao utambuliwe.