Kiba: Mtaa wa Mbao Uliofuata Bahari

Mji wa Edo, ambao leo ndio Tokyo, ulijengwa kwa mbao, hata moto ulipozuka ulipata kuni tele katika bohari za wafanyabiashara wa magogo zilizosongamana katikati ya mji. Baada ya moto mkubwa wa mwaka 1641, dola ya Shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, iliamuru mbao zihamishiwe Fukagawa, ng'ambo ya mto Sumida; na busara ya amri ile ilidhihirika mwaka 1657, moto wa Meireki ulipoangamiza watu wanaokisiwa kufikia laki moja. Mwaka 1701 biashara hiyo ikapata makao yake mashuhuri, Kiba, mtaa wa mifereji na mabwawa kando ya bahari.

Maji ndiyo yaliyokuwa ghala la wafanyabiashara wa Kiba. Gogo lililolazwa majini halipasuki kwa jua wala haliwaki moto, na lile ambalo wanaume kumi hawaliinui, mtu mmoja mwenye upondo na kulabu hulisukuma apendako. Mafundi wa kazi hiyo, walioitwa kawanami, walisimama juu ya magogo yaeleayo wakayapanga na kuyafunga, na katika ustadi wao ukazaliwa mchezo wa kakunori, ambao mtu hulizungusha kwa nyayo zake gogo lililochongwa pande nne, naye asianguke. Ni jambo gumu mno, kwani kila pembe ya gogo humtikisa.

Walakini bahari iliendelea kufukiwa, hata Kiba ikajikuta mbali na pwani, na ardhi yake ikawa inadidimia kwa sababu viwanda vilivuta maji ya chini bila kiasi. Tena tufani ya mwaka 1959, iliyoua watu zaidi ya 5,000, iliyabeba magogo ya mji wa Nagoya kutoka mabwawani ikayatupa juu ya nyumba za watu, ikawa onyo kwa kila mji wenye magogo milangoni. Basi katika miaka ya 1970 wafanyabiashara wakahamia Shin-Kiba, ardhi mpya iliyojazwa ndani ya ghuba.

Kwa rai yangu uhamisho ule ulikuwa wa haki, maana roho za watu ni azizi kuliko mbao. Hata hivyo ustadi wa kawanami haukustahili kuzikwa pamoja na mabwawa, na kwa bahati njema haukuzikwa: katika bustani ya Kiba, iliyofunguliwa mwaka 1992 pale palipolazwa magogo, limeachwa bwawa la kakunori. Msomaji atakayejaaliwa kufika Tokyo mwezi wa Oktoba na aulizie siku ya mchezo huo, akautazame.